Ngozi Kavu na Nyepesi Kudhurika: Mafuta Yanayofaa, Yasiyofaa, na Wakati Ambapo Mafuta Hayatoshi

Mvua kubwa za Machi hadi Mei zinapomalizika, Wilaya ya Kyela huingia katika majira ya upepo na vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hupungua, upepo wa kusini-mashariki huvuma ziwani, na ngozi za watu wengi hupauka. Visigino hufanya magaga, mikono hukwaruza, na watoto hujikuna usiku. Kwa walio wengi hali hiyo ni usumbufu mdogo unaokwisha kwa kupaka mafuta. Lakini wapo ambao ngozi zao hukauka mno, huchonyota kila zinapopakwa kitu, na hupasuka kiasi cha kuruhusu vijidudu kupenya. Miongoni mwao ni watoto wenye pumu ya ngozi, wazee, watu wenye ualbino, na wale ambao kazi zao huwaweka katika maji, sabuni au udongo kutwa nzima.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kilainishi kinachofaa ngozi ya aina hiyo. Kwa ufupi, kilainishi bora ni kile chenye viambato vichache, kisicho na manukato, na ambacho familia inamudu kukinunua kwa wingi wa kutosha kupakwa kila siku. Pamoja na hayo, mkazi wa Kyela anapaswa kufahamu kwamba baadhi ya ngozi kavu ni dalili ya ugonjwa unaohitaji tiba ya zahanati, si mafuta ya dukani.

KWA NINI NGOZI HUKAUKA

Tabaka la juu kabisa la ngozi linaweza kufananishwa na ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ni matofali, na mafuta ya asili yanayotengenezwa na mwili ni udongo unaoshikanisha matofali hayo. Ukuta ukiwa imara, maji hubaki ndani ya mwili na vichokozi hubaki nje. Udongo ukipungua, nyufa hutokea: maji hupotea, na sabuni, vumbi, jasho na manukato hupenya na kusababisha muwasho. Mtu akijikuna, nyufa huongezeka, na muwasho huzidi.

Watu wengine huzaliwa na ukuta dhaifu. Ndivyo ilivyo kwa wengi wenye pumu ya ngozi, ugonjwa ambao mara nyingi huandamana katika ukoo mmoja na pumu ya kifua pamoja na mafua ya mzio. Pumu ya ngozi haiambukizi, na mtoto mwenye ugonjwa huo hapaswi kutengwa na wenzake shuleni wala nyumbani. Wazee nao hukaukiwa kwa sababu mwili hupunguza utengenezaji wa mafuta kadiri umri unavyosogea.

Kazi pia huchangia. Mkulima wa mpunga husimama majini kwa saa nyingi wakati wa kupandikiza. Mwanamke mfinyanzi wa Ikombe, ambaye vyungu vyake huuzwa katika soko la Lyulilo karibu na Matema, hushika udongo mbichi siku nzima, na udongo ule unapokauka hunyonya unyevu wa viganja vyake. Waanika usipa, mafundi ujenzi wanaochanganya saruji na wanaofua nguo kwa mikono hukumbana na tatizo hilohilo. Maji yenyewe, yakigusa ngozi mara kwa mara bila kufuatiwa na mafuta, huondoa kinga ya ngozi badala ya kuiongezea unyevu.

Sabuni ina nafasi ya pekee katika suala hili. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, yaani pH ya takriban 5, ilhali sabuni ya kawaida huwa na pH ya kati ya 9 na 10. Sabuni ya mche ya kufulia, pamoja na sabuni ya kienyeji iliyozidishiwa magadi makali, huondoa uchafu na kuondoka na mafuta ya ngozi pia. Kwa ngozi yenye afya hasara hiyo hufidiwa baada ya muda mfupi. Kwa ngozi kavu sana haifidiki kabla ya oga inayofuata.

NAMNA KILAINISHI KINAVYOFANYA KAZI

Vilainishi vyote, viwe vya bei ya juu au ya chini, hufanya kazi kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kufunika: mafuta mazito huweka utando juu ya ngozi na kuzuia maji yasitoroke. Mafuta ya mgando ndiyo mfano ulio bora. Njia ya pili ni kuvuta na kushika maji ndani ya tabaka la juu, kazi inayofanywa na gliserini. Njia ya tatu ni kujaza nyufa na kulainisha, kazi inayofanywa na mafuta ya mimea kama alizeti. Krimu na losheni nyingi huchanganya njia hizi mbili au tatu kwa pamoja.

Tofauti kati ya mafuta ya mgando, krimu na losheni ni kiasi cha maji kilichomo. Mafuta ya mgando hayana maji, hivyo hayahitaji dawa za kuzuia kuoza, na ndiyo maana hayachonyoti hata kwenye ngozi iliyopasuka. Losheni ina maji mengi, hupakika kwa urahisi na haileti hali ya kunata, lakini hulinda kwa muda mfupi na huhitaji viambato vya kuihifadhi ambavyo baadhi ya ngozi havivipokei. Krimu iko katikati.

Kutokana na joto la Kyela, watu wengi hulalamika kwamba mafuta mazito hunata mchana na kukusanya vumbi. Malalamiko hayo yana msingi. Njia inayofaa ni kupaka mafuta ya mgando usiku na baada ya kuoga jioni, kisha kutumia krimu isiyo na manukato au tone dogo la mafuta mchana. Wenye ngozi ya uso inayotoa chunusi watumie krimu nyepesi usoni na kuacha mafuta mazito kwa miguu, mikono na mwili.

KUCHAGUA DUKANI

Jambo la kwanza la kutazama ni manukato, kwa kuwa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio unaotokana na vipodozi. Lebo yenye neno "parfum" au "fragrance" inaonyesha kwamba bidhaa imetiwa manukato. Harufu nzuri si ushahidi wa ubora, na mafuta yaliyoandikwa kuwa ni ya watoto si lazima yawe laini, kwani mengi ya hayo yametiwa manukato pia. Mafuta ya mgando meupe yasiyo na harufu, yaliyofungwa vizuri na yenye nembo ya ubora, ndiyo chaguo salama la kuanzia kwa mtu wa umri wowote.

Jambo la pili ni wingi. Miongozo ya tiba ya Uingereza kuhusu watoto wenye pumu ya ngozi hutaja gramu 250 hadi 500 za kilainishi kwa wiki. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko kile ambacho familia nyingi hutumia kwa mwezi. Kwa hiyo kopo dogo la krimu ya bei ya juu, linalopakwa kwa kubana ili lisiishe upesi, humfaidia mtoto kidogo kuliko kopo kubwa la mafuta ya kawaida linalotumiwa bila kuhofia gharama.

Jambo la tatu ni majaribio. Kabla ya kupaka bidhaa mpya mwilini kote, mwenye ngozi nyepesi kudhurika apake kiasi kidogo sehemu moja, kwa mfano ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 7. Endapo ngozi haitabadilika rangi, kuwasha wala kutoa vipele, bidhaa hiyo inaweza kutumika. Kuchonyota hakumaanishi kwamba dawa inafanya kazi. Ni ngozi inayokataa.

MAFUTA YANAYOPATIKANA KYELA

Wilaya hii ina utajiri wa mafuta ya mimea, na ni haki kuuliza kama yanaweza kuchukua nafasi ya bidhaa za dukani. Jibu hutegemea aina ya mafuta na hali yake.

Mafuta ya alizeti ni miongoni mwa mafuta ya mimea yaliyofanyiwa utafiti zaidi kwa ngozi. Nchini Bangladesh, watafiti waliyapaka kwa watoto njiti waliolazwa hospitalini na kubaini, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, kwamba maambukizi ya damu yalipungua. Hayo yalifanyika chini ya uangalizi wa hospitali, na mzazi mwenye mtoto njiti anapaswa kufuata maelekezo ya wauguzi. Kwa mtu mzima au mtoto mkubwa, alizeti safi isiyochanganywa na kitu inafaa kulainisha ngozi.

Mafuta ya mawese yana vitamini E na rangi nyekundu ya asili. Hulainisha ngozi, lakini hutia madoa nguo na mashuka. Ni muhimu yawe mapya na yaliyochujwa vizuri, kwani mafuta yaliyochacha huchokoza ngozi. Hali ni hiyohiyo kwa mafuta ya mise yanayokamuliwa kutoka kokwa ya mchikichi.

Kuhusu kakao, Kyela inajulikana nchini kote kwa zao hilo, na takriban nusu ya uzito wa punje kavu ya kakao ni mafuta yake, yaani siagi ya kakao. Siagi hiyo huganda katika hali ya kawaida na kuyeyuka inapogusa joto la mwili, jambo linaloifanya ipendwe na watengenezaji wa vipodozi. Hata hivyo, losheni inayonukia kakao si lazima iwe na siagi ya kakao ya kutosha, kwa maana harufu hiyo mara nyingi huwa ni manukato yaliyoongezwa.

Mafuta ya karanga yasipakwe kwenye ngozi iliyopasuka ya mtoto mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha upakaji huo na mzio wa karanga baadaye. Maji ya limau nayo hayafai, kwani ngozi iliyopakwa limau na kisha kupigwa na jua huweza kuungua na kubaki na mabaka meusi. Dawa ya meno, chumvi na dawa za kuchua misuli zisipakwe kabisa kwenye ngozi kavu.

HATARI YA MKOROGO

Mtu aliyehangaika na ngozi kwa muda mrefu ni mnunuzi mwepesi wa krimu inayoahidi matokeo ya siku 3. Kyela ni wilaya ya mpakani. Bidhaa za aina nyingi huuzwa katika minada na vibanda, nyingine zikiwa hazina lebo, au zimefungwa upya katika vikopo vidogo. Miongoni mwa krimu za aina hiyo zimo zile zinazochubua ngozi, maarufu kama mkorogo.

Viambato vitatu ndivyo vya kuogopwa zaidi. Haidrokwinoni, ambayo kwenye lebo huandikwa "hydroquinone", hung'arisha ngozi mwanzoni, kisha ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi yasiyotoka kwa urahisi. Zebaki, ambayo huandikwa "mercury", hupenya kupitia ngozi na kudhuru figo na mfumo wa fahamu, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani uliopata maafa ya zebaki, ulipitishwa mwaka 2013 ili kuudhibiti uzalishaji na matumizi yake, vipodozi vikiwemo. Kiambato cha tatu ni steroidi kali, kama vile "clobetasol" na "betamethasone". Hizi hutuliza muwasho upesi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtumiaji huona amepona, huendelea kupaka kwa miezi, na ngozi hukonda, huchanika na kushindwa kustahimili jua. Akiacha ghafla, wekundu na ukavu hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Ieleweke kwamba steroidi iliyoandikwa na daktari au tabibu kwa ajili ya pumu ya ngozi ni dawa halali na yenye manufaa, ikitumiwa kwa nguvu, mahali na muda ulioelekezwa. Kinachokatazwa ni kuinunua kama kipodozi na kuipaka kila siku kama mafuta.

Tangu mwaka 2019 jukumu la kusimamia usalama wa vipodozi nchini lilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwananchi anashauriwa kununua bidhaa zenye jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kutoa taarifa kwa afisa afya wa kata anapokuta krimu zisizo na lebo zikiuzwa.

NAMNA YA KUPAKA

Namna ya kupaka ina uzito sawa na aina ya mafuta. Kwa miaka mingi, watu waliopata ukavu wa miguu kutokana na ukoma wamefundishwa kulowesha miguu katika maji safi kwa takriban dakika 20 hadi 30 na kupaka mafuta ya kawaida papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Huyafungia yale yaliyokwisha kuingia. Utaratibu ufuatao unawafaa watu wote wenye ngozi kavu sana:

1. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi, si ya moto, kwa muda mfupi.
2. Kutumia sabuni laini isiyo na manukato, na kuielekeza kwapani, sehemu za siri, miguuni na penye uchafu tu.
3. Kuacha dodoki na jiwe la kusugulia kwenye ngozi iliyochubuka.
4. Kujifuta kwa kugusagusa na taulo, si kwa kusugua, na kuacha unyevu kidogo.
5. Kupaka mafuta ndani ya dakika chache, kuelekea upande vinyweleo vinakolala, bila kuchua kwa nguvu.
6. Kurudia kupaka angalau mara mbili kwa siku, na kwa wanaofanya kazi majini, kila wanapomaliza kunawa.
7. Kuchota mafuta kwa kijiko safi, si kwa vidole, ili kopo lisiingie vijidudu.

Wafinyanzi na wafuaji watafaidika kwa kupaka mafuta ya mgando mikononi kabla ya kazi na kwa wingi zaidi kabla ya kulala, wakivaa soksi kuukuu za pamba mikononi endapo kuna mipasuko. Glavu za mpira hufaa kwa kufua.

Tahadhari moja ya moto ni ya lazima. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba nguo, mashuka na bandeji zilizolowa mafuta ya ngozi hushika moto kwa urahisi na kuwaka kwa kasi. Katika nyumba zenye koroboi, mshumaa au jiko la kuni, mtu aliyepakwa mafuta mengi asikaribie moto, na mashuka yake yafuliwe mara kwa mara.

Mafuta pia hayakingi jua. Watu wenye ualbino huhitaji losheni maalumu ya kukinga jua, kofia pana na nguo za mikono mirefu. Losheni ya aina hiyo, iitwayo Kilisun, hutengenezwa mjini Moshi katika hospitali ya KCMC, ambako pia kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992.

DALILI ZISIZOTIBIWA KWA MAFUTA

Zipo hali ambazo hufanana na ukavu wa kawaida, lakini kupaka mafuta huchelewesha tiba yake. Mkazi anapaswa kwenda zahanati au kituo cha afya anapoona mojawapo ya haya:

Baka lililopauka au jekundu lisilohisi mguso, joto wala maumivu. Hiyo huweza kuwa dalili ya ukoma. Dawa zake hutolewa bila malipo, na anayetibiwa mapema huepuka ulemavu.

Muwasho mkali wa muda mrefu na ngozi iliyokauka na kukunjamana kama ya mjusi, hasa kwa mtu anayeishi au kulima karibu na mito yenye maji yaendayo kasi. Kyela, pamoja na wilaya jirani, imo katika eneo lenye historia ya ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito hiyo. Usubi huweza kuleta upofu. Kingatiba inapogawiwa katika jamii, kila anayestahili aimeze.

Muwasho unaozidi usiku na kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja, pamoja na vipele kati ya vidole. Huo mara nyingi ni upele, na familia nzima hutibiwa kwa wakati mmoja.

Mabaka ya mviringo yenye kingo zilizoinuka, ambayo huashiria fangasi.

Ngozi inayotoa usaha au maji ya njano, iliyovimba na yenye joto, au mtoto mwenye homa pamoja na vidonda vya ngozi. Huyo apelekwe siku hiyohiyo.

Magaga au kidonda chochote mguuni kwa mwenye kisukari.

Mtoto ambaye hapati usingizi kwa kujikuna, licha ya kupakwa mafuta ipasavyo kwa wiki 2.

MAHALI PA KUPATA HUDUMA

Hatua ya kwanza ni zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata. Mtaalamu wa afya ataichunguza ngozi, ataanzisha tiba, na inapobidi atatoa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kyela, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mgonjwa aende na vikopo vya mafuta, krimu na sabuni zote alizotumia, hata zile anazoona haya kuzionyesha, kwa sababu jibu la tatizo mara nyingi limo ndani ya mojawapo ya vikopo hivyo. Aliyetumia mkorogo asiogope kusema, wala asiache krimu ya steroidi ghafla bila ushauri.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopo vijijini wanaweza kuulizwa kuhusu upakaji sahihi, na walimu wanaombwa kuwaelekeza wazazi wa wanafunzi wanaojikuna mara kwa mara kuwapeleka watoto hao wakapimwe. Ngozi iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi. Kwa kaya nyingi za Kyela, mlango huo unaweza kufungwa kwa kopo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yakipakwa kila siku juu ya ngozi yenye unyevu, na kwa safari ya mapema kwenda zahanati pale mafuta yanaposhindwa.